Alhamisi za Sista Mwanahawa

Wiki niliyostaafu, vijana wa kituoni waliniuliza swali lilelile, kila mmoja kwa wakati wake. Mmoja aliniuliza tukikunja mashuka, mwingine tukisubiri maji yachemke: "Sista Pili, ulikaaje hapa miaka yote hii?" Waliuliza kwa adabu, lakini ndani ya adabu ile nilisikia kitu kingine, kama vile mtu anavyomuuliza mgonjwa ilikuwaje akachelewa kuja hospitali. Niliwajibu kwa mkato kwamba nilikuwa na kazi. Sasa muda ninao, na mikorosho yangu haihitaji kusimamiwa kutwa, kwa hiyo nitawajibu vizuri. Vyeo nilivyopanda sitavitaja, na mshahara wangu mnaujua kwa sababu ulifanana na wenu. Nitawaeleza kazi yenyewe, na mtu mmoja aliyenifanya niipende, na jinsi tulivyokaribia kumkosa.

Nilianza kazi kwenye zahanati ya delta, upande wa Mbuchi, nikiwa binti mwembamba niliyetoka chuoni juzi. Nilizaliwa Ruaruke, kwa hiyo mtu angedhani delta naijua. Sikuijua. Sisi wa huku juu tunajua korosho na muhogo. Kule ni nchi ya maji, na maji yana ratiba yake. Mtumbwi ulionichukua ulikwama kwenye tope maji yalipokupwa, na mwenye mtumbwi akaniambia tuna mawili: tukae tusubiri yajae, au nishuke nitembee. Nilishuka. Nilifika zahanati na sare ambayo mama yangu aliipiga pasi ya mkaa tangu alfajiri, nyeupe kutoka kiunoni kwenda juu, na kutoka kiunoni kwenda chini nimekuwa rangi moja na mizizi ya mikoko.

Aliyenipokea ni Sista Mwanahawa, mkunga wa pale, Mndengereko mfupi mwenye viganja vipana na sauti ya chini. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema, "Karibu, mdogo wangu. Umeanza vizuri, wengine huanguka kabisa." Akanipa ndoo ya maji na khanga, na kabla sijamaliza kujifunga akaniita chumba cha kujifungulia nikamshike mkono mama aliyekuwa anasukuma. Hayo ndiyo yalikuwa mapokezi yangu. Mtoto alikuwa wa kike, na nadhani sasa naye ana wajukuu.

Wakati wa mpunga, akina mama wa kule walihamia mashambani na familia zao, wakaishi kwenye madungu, vile vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti ili watu walinde mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Wengine uchungu uliwakuta hukohuko. Kwa hiyo somo la kwanza alilonipa Mwanahawa halikuwemo kwenye kitabu chochote cha chuo. "Ukimpima mama presha," alisema, "muulize na shamba lake liko wapi. Presha itakwambia hali yake leo. Shamba litakwambia kama siku yake ikifika atakuwahi." Tangu hapo, kila mjamzito aliyekuja kliniki nilimuuliza dungu lake liko upande gani na maji yakijaa anapita wapi. Wakubwa waliokuja kukagua walidhani nafanya umbea.

Vifaa vilikuwa vichache na tulivijua kwa majina kama ng'ombe. Sindano zilikuwa za kioo, za kuchemsha. Jiko la mafuta ya taa lilikuwa na hasira, na likikasirika tulichemshia juu ya mafiga, nyuma, kwenye sufuria ambayo ilikatazwa kabisa kupikiwa wali. Kulikuwa na kile kipembe cha mti cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Mimi nilikiweka sikioni na papo hapo nikaanza kuhesabu mapigo, kama tulivyofundishwa. Mwanahawa akaniondoa. "Usihesabu kwanza. Msikilize mpaka umzoee, halafu ndiyo umhesabu." Mpaka leo mashine zenu zikilia pi-pi-pi, mimi bado naanza kwa kusikiliza.

Jambo moja tu hakunifundisha. Kondo la nyuma likigoma kutoka baada ya mtoto kuzaliwa, mama huvuja damu mpaka aishe. Njia ni kulifuata ndani kwa mkono na kulibandua. Mwanahawa aliweza. Nilimwona akifanya, mimi nikishika dripu, na nilimwomba anielekeze. Akakataa. "Hili si la kujaribia mtu," alisema. "Mimi mwenyewe sikufundishwa, nilisimama karibu na aliyejua. Na wewe simama karibu." Nikawa nasimama karibu. Lakini kusimama karibu na kuweza ni vitu viwili, na wote wawili tulilijua hilo.

Baadaye tulihamishiwa barabarani, yeye kwanza, mimi nikamfuata, kwenye kituo cha afya kilichokuwa kati ya Kibiti na pantoni ya Ndundu, ile ya kuvusha watu na magari mtoni. Jina lake silitaji kwa kuwa vituo vya wakati ule vilifanana: wodi mbili, benchi refu la wagonjwa wa nje, na mganga mfawidhi mmoja anayegombana na paa linalovuja. Wa kwetu alikuwa Bwana Ngoda, ambaye watu wote walimwita Daktari ingawa mwenyewe hakuwahi kudai. Alikuwa mtu mwema na mchoshi. Hospitali kubwa ilikuwa ng'ambo ya mto, na gari la wagonjwa lililala hukohuko.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Vilivyokuwa vimefungwa vikafunguliwa. Ikaja mitumba, yakaja maredio ya kaseti, maduka ya dawa baridi yakaota barabarani kama uyoga, na Dar es Salaam wakafungua hospitali za watu binafsi zenye vigae sakafuni na feni kila chumba. Hospitali zile zilitaka wauguzi, na hazikutaka wa kutoka chuoni. Zilitaka waliokwisha kukomaa. Makondakta wa mabasi ya kusini wakawa wanatuletea salamu za waliotangulia, na kila salamu ilikuwa na mwaliko ndani yake. Sista wa wodi ya watoto aliaga kwamba anaolewa mjini. Tulimcheza, tukamwimbia, tukampa sufuria. Kumbe bwana harusi mwenyewe ni hospitali yenye vigae.

Ninyi mnadhani watu walifuata mshahara tu. Mshahara ulikuwemo, sidanganyi. Lakini mimi nilikuwa nao walipokuwa wanafunga mizigo, na waliyoyasema yalikuwa mengine. Walisema hapa hakuna mtu anayetuuliza kitu. Dawa mpya inaletwa, na maelezo yake yamebaki kwenye ofisi ya mtu. Ratiba ya zamu inabandikwa ukutani, imekwisha kuamuliwa. Semina zilikuwapo, ila zilifanyika mbali na walioitwa walikuwa walewale. Tulipata kuitwa mara moja kwenye semina ya ukunga, akapelekwa karani wa stoo, kijana mpole asiyeweza kuona damu. Alirudi na mkoba mzuri sana.

Basi asubuhi moja mimi na Mwanahawa tulikuwa barazani tukikata pamba, akaniambia bila kunitazama, "Pili, nimeitwa Dar. Idi ikipita nakwenda."

"Kwa muda gani?"

"Kwa moja kwa moja."

Nikamuuliza ni kitu gani amekikosa. Akafikiri, kwa maana hakuwa mtu wa kujibu ovyo. "Hapa nimekwisha, mdogo wangu. Sijazeeka, nimekwisha tu. Nikiamka asubuhi najua kila nitakachofanya mpaka jioni. Hata makosa yangu nayajua."

"Na kondo likigoma atalitoa nani?"

"Watampeleka ng'ambo."

"Na pantoni ikiharibika?"

Hapo ndipo akanigeukia. "Pili, usinifanye mimi kuwa pantoni."

Niliendelea kukata pamba, na siku ile nilikata vipande vikubwa visivyofaa kitu.

Haukupita muda akaja matroni mpya wa wilaya, Matroni Agripina, mwanamke mrefu kutoka upande wa Songea aliyeongea Kiswahili cha polepole na kucheka kwa nguvu. Tulikuwa tumepanga vitabu vya mahudhurio mezani na kuweka maua kwenye chupa ya dripu, kama ilivyo desturi ya ukaguzi. Hakuvigusa. Aliomba aproni. Akashika zamu ya asubuhi pamoja nasi, akapima akina mama, akamwaga mabeseni, akaungua mkono kwenye jiko letu lenye hasira. Mchana akaingia kwenye chumba cha sindano na kutuita mmoja mmoja. Hakuuliza tuna upungufu gani. Aliuliza tunapenda nini katika kazi hii, tunaogopa nini, na tungependa kujua nini tusichokijua. Mimi nilimwambia naogopa kondo la nyuma. Nilisema kwa haraka, kama mtu anayetema kitu.

Mwanahawa alimwambia ukweli kwamba anaondoka. Baadaye alinisimulia. Matroni hakumbembeleza wala hakumtajia uzalendo. Alisema mkoani kuna mafunzo ya dharura za uzazi, na wilaya yetu ina nafasi moja. "Nataka uende wewe. Ukirudi, uwafundishe hawa mpaka siku utakayopanda basi."

Bwana Ngoda alipopata habari alitoka ofisini na kalamu bado iko mkononi. Wakabishana barazani, sote tukisikia na kujifanya hatusikii.

"Matroni, huyu anaondoka! Ndiyo unampa cheti cha kuondokea?"

"Asipokwenda, ataondoka na kila anachokijua," Matroni akamjibu. "Akienda, kuna kitu atatuachia."

"Nimesomesha watu mimi. Ukimsomesha nesi leo, kesho anakuaga."

"Na wale ambao hukuwasomesha, Bwana Ngoda, wako wapi?"

Bwana Ngoda aliangalia kalamu yake. Akasema zamu zitakuwa ngumu. Nikatoka nilikojificha nikasema zamu za Dada Mwanahawa nitazibeba mimi. Nilizibeba, na sitawaambia kwamba ilikuwa rahisi. Nilikuwa na watoto wadogo nyumbani, na mume wangu alijifunza kusonga ugali katika kipindi kile. Ugali wake ulikuwa wa kukata kwa kisu.

Mwanahawa aliporudi kutoka mkoani, nilimwona kabla hajashuka vizuri kwenye gari kwamba amebadilika. Alikuwa anaongea. Yule mtu wa maneno machache alikuwa anaongea kama mwanafunzi aliyetoka shule, mkono mmoja umeshika mzigo, mwingine unachora hewani jinsi ya kukunja magoti ya mama, mabega ya mtoto yakikwama. Kesho yake akaenda kwa fundi cherehani wa sokoni na kitenge kuukuu na kipande cha godoro la sponji. Alimtaka ashone mfuko wenye umbo la peasi, mdomo mwembamba, na ndani yake ashikize kile kipande cha sponji kwa nyuzi nyepesi zinazoweza kukatika.

Fundi aliugeuzageuza. "Sista, na mdomo wenyewe mdogo hivi. Humu utatia nini?"

"Mtu," Mwanahawa akamjibu.

Ndivyo zilivyoanza Alhamisi. Kila Alhamisi mchana, kliniki ikiisha, wauguzi wote waliokuwa kituoni tulikusanyika kwenye chumba cha sindano, mlango umefungwa. Mfuko wa kitenge, ambao ndio kizazi, unalala mezani, unaingiza mkono, unafumba macho, unautafuta ukingo wa sponji, ambayo ndiyo kondo, unaubandua kwa ubavu wa kiganja polepole bila kutoboa kitenge. Ukitoboa, umemuua. Mwanahawa alisema hivyo bila kupunguza: "Umemuua huyo. Mshone, anza upya." Kulikuwa na binti mmoja mgeni, Rehema, mwepesi wa mikono kuliko sisi sote, aliyefaulu mara ya kwanza na akaringa mwezi mzima. Mimi niliua wanawake wengi wa kitenge kabla sijamponya mmoja.

Kisha akafanya jambo lililotushangaza. Alisema yeye hatafundisha kila wiki. Mmoja wetu aliyejua kufunga mifupa ya watoto akaambiwa afundishe. Mimi nikaambiwa nifundishe habari za madungu na maji ya delta. Nikasimama mbele ya wenzangu, nikasema kitu nilichodhani kila mtu anakijua. Kumbe hawakukijua. Niliporudi kukaa nilikuwa mtu mwingine kidogo. Kuambiwa "tufundishe" na mtu unayemheshimu, hakuna hotuba ya kukuaga inayofika hapo.

Lakini Idi ilikuwa inakaribia. Mwezi wa Shaabani Mwanahawa akaomba ruhusa ya siku chache aende Dar kuiona ile hospitali na kukamilisha mambo yake. Aliniachia funguo za kabati la chumba cha kujifungulia, akapanda basi.

Asubuhi ya pili baada ya yeye kuondoka, mwanaume mmoja aliingia kituoni akikokota baiskeli, mkewe amekaa nyuma kwenye kiti cha mizigo amefungwa kwa khanga ili asianguke, mama mkwe anakimbia pembeni amebeba kichanga. Mke aliitwa Somoe. Alikuwa amejifungua shambani, mtoto salama, kondo halikutoka. Kuanzia getini mpaka mlangoni kwetu damu ilichora mstari kwenye mchanga.

Bwana Ngoda alikuja mbio. Akaning'iniza dripu mwenyewe na kuupata mshipa ambao mimi nisingeuona, maana mikono ya Somoe ilikwisha kuwa ya baridi na mishipa imelala. Tulimchoma sindano ya kubana kizazi, tukatoa mkojo, tukajaribu kulivuta kondo kwa utaratibu. Kitovu kikakatika, kikabaki kipande tu ndani. Bwana Ngoda akaenda kwenye redio ya upepo kuita gari la ng'ambo. Nilimsikia akirudia maneno. Aliporudi uso wake ulikuwa umesema tayari.

"Gari lipo. Pantoni imekufa injini."

Mama mkwe akauliza, "Mwanangu, ndiyo tufanyeje?"

Bwana Ngoda akanitazama, akasema kwa sauti ya chini kitu kilichonifanya nimheshimu mpaka alipofariki. "Mimi sijawahi kulifanya hilo, Pili. Wewe umefundishwa. Niambie nishike nini."

Nilimwambia ashike dripu na presha. Rehema nikamwambia akate vidole vya glavu moja. Hatukuwa na glavu ndefu, na Mwanahawa alitufundisha kwamba glavu isiyo na vidole ukiivalisha mkononi na kuipandisha mpaka kwenye kiwiko, kisha ukavaa nyingine nzima juu ya kiganja, unapata glavu ndefu. Tulimpa Somoe dawa ya maumivu tuliyokuwa nayo. Haikutosha, na nilimwambia hivyo. "Somoe, itauma. Niko na wewe. Sitachelewa." Akanitazama kama mtu aliye mbali. Akasema, "Bismillahi," na mimi nikaifuatisha.

Mkono wangu ulipoingia, kwa muda sikuona wala kusikia kitu. Nilijua tu kwamba huyu si kitenge, ni wa moto, na anavuja. Halafu nikasikia sauti ya Rehema pembeni, inarudia polepole maneno ya Alhamisi: "Mkono wa kushoto juu ya tumbo, Dada. Fuata kitovu. Tafuta ukingo." Nikaupata ukingo. Nikaanza kubandua kwa ubavu wa kiganja, kidogo kidogo, mkono wa kushoto umekishika kizazi kwa nje kisikimbie. Somoe alipiga ukelele mmoja na mama mkwe wake akapiga magoti sakafuni. Kisha kondo lote likawa kiganjani mwangu, zima, nami nikalitoa na kulilaza kwenye beseni na kuliangalia pande zote kama halikubakiza kipande. Tukakanda tumbo, tukaongeza dawa kwenye dripu. Kizazi kikajikusanya chini ya mkono wangu kikawa kigumu kama chungwa. Damu ikapungua, ikawa matone.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi ya nyuma. Nilikuwa nacheka na kulia pamoja, na Bwana Ngoda akaja akanipa maji kwenye kikombe chake mwenyewe, ambacho kwa kawaida hakuruhusu mtu akiguse. Kesho yake pantoni ikatengenezwa, Somoe akavushwa kwenda kuongezewa damu. Alirudi kwao kwa miguu yake.

Mwanahawa alirudi kutoka Dar Jumatano. Alipewa habari kabla hajafika nyumbani kwake, maana barabara yetu haina siri. Hakunipongeza. Alhamisi alinisimamisha mbele ya wenzangu, akaniambia nieleze mwanzo mpaka mwisho, naye akawa ananikata kwa maswali. Kwa nini hukuita ndugu wa kutoa damu mapema? Mkono wa kushoto uliuweka wapi? Kondo mlilikagua nani na nani? Nilijibu, nikatoka jasho, kisha akasema, "Sawa." Kwake hilo lilikuwa neno kubwa.

Watu walipotawanyika alibaki amekaa, mfuko wa kitenge uko mapajani.

"Ile hospitali ni nzuri, Pili. Taa haizimiki. Walinionyesha kitanda cha kujifungulia kinachopanda na kushuka. Nikawauliza, wakunga wenu hufundishana siku gani? Wakacheka. Walidhani nawatania." Akaukunja ule mfuko. "Nikasema basi nitaanzisha. Yule bwana akaniambia, Sista, sisi tumekuita kufanya kazi."

Niliuchukua mfuko, nikaufungia kabatini.

Wiki iliyofuata Matroni Agripina alivuka kuja kwetu, na Mwanahawa akaomba waketi yeye, Matroni na Bwana Ngoda. Akanitaka na mimi niwepo. Alisema hataki kubembelezwa, anataka kuelewana. Alhamisi isiguswe, mtu asipangiwe kazi nyingine saa hiyo. Mafunzo yakija, waende wanaogusa wagonjwa, na wenyewe wauguzi wachague nani. Ratiba ya zamu ipangwe pamoja nao. Na yeye, boti ya chanjo ikienda delta, apewe nafasi akawafundishe wakunga wa zahanati za huko, kwa kuwa kule hakuna hata pantoni ya kuharibika.

Bwana Ngoda alikubali moja baada ya jingine, akakwama kwenye mafunzo. "Na wakisoma wakaondoka?"

"Wengine wataondoka," Mwanahawa akasema. "Mimi nilikuwa naondoka bila kusoma."

Akabaki. Idi tulikula kwake.

Sitaki mdhani kwamba tangu hapo hakuondoka mtu. Rehema, yule mwepesi wa mikono, tulimpeleka mafunzo sisi wenyewe kwa kura, na haukupita mwaka akaenda Dar. Bwana Ngoda alinitazama muda wote wa chai. Niliumia. Lakini yule sista wa wodi ya watoto, yule wa harusi, alirudi. Alishuka na begi lake siku ya Alhamisi, akaingia chumba cha sindano akaketi mwisho wa benchi. Hakuna aliyemuuliza habari za bwana harusi. Wengine waliokuwa wamekwisha kufunga mizigo waliifungua, na mkunga mmoja wa delta alikataa uhamisho wa kuja barabarani kwa sababu, alisema, alikuwa na wanafunzi.

Mimi pia niliitwa, daraja lilipokwisha kujengwa pale Ndundu na mabasi ya kwenda Dar yakaacha kukwama pantonini. Walionita walikuwa waungwana. Nilifikiri kwa dhati, kwa sababu watoto walikuwa sekondari. Mwishowe niliwaambia hapana, na nilipoulizwa sababu nilisema wiki ile zamu ya kufundisha ni yangu. Walidhani ni kisingizio. Ulikuwa ukweli mtupu: nilikuwa nimejiandaa kwa ajili ya kifafa cha mimba, na nilitaka sana kulifundisha somo lile.

Mwanahawa alistaafu kabla yangu na sasa ni mtu wa mpunga na wajukuu, mzima wa afya, na bado hunikosoa nikimtembelea.

Siku zangu za mwisho kazini ninyi mnazijua, ila kuna moja sikuwasimulia. Nilikuwa kwenye chumba cha dawa, asubuhi, nikisikia mama anasukuma chumba cha pili. Kisha nikasikia ule ukimya ninaoujua, wa kichwa kutoka na mabega kukwama. Hapo hakuna muda wa kuita mtu. Niliacha vidonge mezani nikatoka mbio. Nimefika katikati ya ujia, kichanga kikalia. Nikasimama nilipo.

Mlango ukafunguka, akatoka Hidaya, mdogo kuliko ninyi wote, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko, kofia imekaa upande. Nilimsubiri aniambie mabega aliyatoaje. Hakuwa na la kuniambia. Alinitazama kwa mshangao kidogo, kama mtu anayejiuliza huyu mzee anakimbilia wapi, akasema:

"Shikamoo, Sista Pili. Eti sukari ya uji wa wazazi siku hizi inawekwa wapi?"

Nikamwonyesha.